Kabla ya Kuchora Bango, Shika Ufagio

Dawati la watoto watatu, lile la mbao lenye kiti na meza vilivyounganishwa, ni zito kwa mtoto wa Gredi ya Nne. Akilisogeza peke yake analiburuta, misumari inalegea, sakafu inakwaruzwa, na taka zinasukumwa kutoka chini ya dawati moja hadi chini ya jingine. Wenzake wawili wakija, mmoja akashika huku na mwingine kule, linainuka. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wachore bango kuhusu ushirikiano katika zamu za usafi ana mfano mzima hapo mbele yake, na ningependa makala hii imshawishi aanzie hapo.

Nasema hivi kwa sababu mabango mengi ninayoonyeshwa na walimu wa Meru na Embu huanza kwingine. Utaona mikono miwili iliyoshikana, dunia yenye uso unaotabasamu, pengine ufagio umeegemea pembeni, na juu yake maneno ya rangi saba kwamba umoja ni nguvu. Ukiyafuta maneno hutajua kama bango linahusu usafi, kwaya, timu ya kandanda au chama cha akiba na mikopo. Mtoto aliyelichora amefuata maagizo yote na hajajifunza lolote kuhusu kazi ya kusafisha darasa. Mwenzake atakayelitazama kesho naye hatajua afanye nini.

Kazi ya namna hii imekuwa ya kawaida tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa katika shule zetu za Kenya mwaka 2019. Umilisi wa kimsingi ni wa aina saba, na mmojawapo ni mawasiliano na ushirikiano. Uwajibikaji, umoja na heshima vimo miongoni mwa maadili ambayo mwalimu anatakiwa kuyakuza katika kila somo. Kwa hiyo bango la zamu ya usafi linaweza kuingia katika sanaa, katika Shughuli za Mazingira kwa wadogo, au katika insha ya Kiswahili kwa wakubwa. Nafasi tunayo. Tunachokosa mara nyingi ni subira ya kuitazama kazi yenyewe kabla ya kushika kalamu.

Tuitazame basi. Kusafisha darasa kuna mpangilio, na ukiuvuruga unafanya kazi mara mbili. Madirisha hufunguliwa kwanza ili vumbi lipate pa kutokea. Kisha utando wa buibui hutolewa darini, maana kila kinachoanguka kitaishia sakafuni. Ubao hufutwa mapema, tena kwa tambara bichi, kwa sababu unga wa chaki hushuka polepole. Mtoto anayepiga dasta baada ya mwenzake kumaliza kufagia amemharibia kazi, hata kama hakukusudia. Madawati huinuliwa na kusogezwa upande mmoja. Maji hunyunyizwa kidogo, ya kulaza vumbi tu bila kulifanya tope. Ufagio huanzia ukuta wa nyuma kuelekea mlangoni. Takataka zikishatoka ndipo deki ipigwe, na madawati yarudi sakafu ikiwa imekauka.

Katika mlolongo huo kila mmoja anamngoja mwingine. Wa ubao anamngoja wa darini, wa ufagio anawangoja wabeba madawati, wa deki anawangoja wote na zaidi ya wote anamngoja aliyekwenda kuchota maji. Ushirikiano wa zamu unakaa katika makutano hayo, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine kuanza. Hapo ndipo watoto hugombana, na hapo ndipo bango linahitajika. Ukichora mtoto mmoja akifagia umechora usafi. Ukichora mtoto wa tambara akimwashiria mwenye ufagio kwamba ubao umekwisha, na yule wa ufagio amesimama akingoja, umechora ushirikiano bila kuandika neno hilo.

Ndiyo maana nashauri kikundi kisafishe kwanza, kizungumze, halafu kichore. Siku ya kwanza wanafunzi wafanye zamu yao kama kawaida, na wawili kati yao wasishike kitu. Wakae pembeni na daftari waandike ni nani alimngoja nani, kitu gani kilirudiwa, na ni wapi watu waligongana. Siku ya pili wasome walichoandika. Mwalimu atashangaa jinsi watoto wanavyojua kasoro za kazi yao wakipewa nafasi ya kuzitaja bila kulaumiana. Kutokana na mazungumzo hayo wachague jambo moja tu, lile lililowakwamisha zaidi, na hilo ndilo liwe bango. Darasa moja litachora dawati, jingine ndoo isiyorudi kwa wakati, jingine mlango unaopitwa na viatu vyenye matope wakati wa deki. Shule ikiwa na mikondo mitatu itapata mabango matatu yasiyofanana, na hilo ni jambo zuri.

Njia hii ya kufanya, kuzungumza na kufanya tena si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Redio na vitabu vilikuwapo, lakini nguvu ya kampeni ilitokana na kikundi kuamua chenyewe kitafanya nini wiki hiyo. Na katika nchi hii ya mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, wazazi wa watoto hawa wanaijua ngwatio, ile desturi ya majirani kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Kila mtu anajua zamu yake itafika, na asiyefika kwa mwenzake anajulikana.

Hilo la kujulikana lina uzito kuliko tunavyodhani. Mhandisi Mfaransa wa kilimo, Max Ringelmann, aliwapima wanaume wakivuta kamba, kwanza mmoja mmoja kisha kwa vikundi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Kadiri kikundi kilivyokua ndivyo kila mvutaji alivyotoa nguvu pungufu. Katika kikundi cha watu wanane, kila mmoja alitoa karibu nusu ya nguvu aliyotoa alipokuwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutopatana tu, wengine wakivuta wakati wengine wanapumua. Lakini mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bibb Latané walionyesha, kwa majaribio ya kupiga makofi na kupaza sauti, kwamba watu pia hulegea kwa makusudi au nusu makusudi wakijua mchango wao umejificha ndani ya mchango wa wengi. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha upande wa pili: mchango wa kila mmoja ukiweza kutambulika, kulegea huko kunapungua sana.

Mwalimu wa darasa hahitaji maabara kulithibitisha. Darasa la watoto 50 likigawanywa kwa siku tano za juma, kila zamu inapata watoto 10, na 10 ni wengi mno ndani ya chumba kimoja. Wanne watafagia, wawili watabeba ndoo, na waliosalia watazunguka na tambara mkononi hadi kengele ilie. Wagawe mara mbili, watano ndani na watano nje, kwenye njia, ua na jaa. Kisha bango lionyeshe jina la kila mtoto kando ya kazi yake. Bango lenye picha nzuri lisilo na mahali pa majina linawaambia wote wafanye, na likiwaambia wote halimwambii yeyote.

Mahali pa majina pasiandikwe kwa wino wa kudumu. Kata vipande vya kadibodi kutoka pakiti za maziwa au maboksi ya sabuni, andika jina moja kwa kila kipande, kisha bandika chini ya picha mifuko midogo ya karatasi ya kuvipokea. Jumatatu ikifika, Kawira aliyekuwa kwenye maji anahamia kwenye ubao, Njeru aliyekuwa kwenye ubao anashika ncha moja ya dawati pamoja na Mutwiri. Vibanio vya nguo na uzi vinafaa pia. Bango la aina hii linaunganisha vitu viwili ambavyo shule nyingi huvitenga, picha ya kuhamasisha na ratiba ya zamu, na kwa kuwa linaguswa kila wiki halisahauliki ukutani.

Sasa maneno. Hapa nina msimamo mkali kidogo. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka vibao katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, ambako wageni hubeba vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Kibao kilicholalamika kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande hivyo kilifuatwa na wizi mkubwa kuliko kibao kilichowaomba tu wageni wasichukue. Mtu akiambiwa kwamba wengi wanafanya kosa, anasikia kwamba ndiyo desturi ya mahali pale. Mabango yetu ya shule yamejaa kosa hili: “Wanafunzi wengi hukwepa zamu,” “Acheni kutupa karatasi ovyo kila siku.” Mtoto mgeni anayehamia shule hiyo leo amekwisha kujulishwa kwamba hapa watu hukwepa na hutupa.

Andika kinachofanyika, kwa nafsi ya kwanza wingi, na kitenzi kinachoonekana kwa macho. “Tunainua, hatuburuti.” “Tunafuta ubao, kisha tunafagia.” “Ndoo imerudi? Tunapiga deki.” Maneno matatu au manne yanatosha, na mtoto anayejifunza kusoma atayamaliza kabla hajapita mlango. Sera ya lugha inaruhusu lugha ya eneo kutumika katika madarasa ya chini, kwa hiyo katika shule ya kijijini Igembe au Manyatta bango la Gredi ya Kwanza linaweza kuandikwa kwa Kimeru au Kiembu bila wasiwasi. Makutano mjini Meru, ama katikati ya mji wa Embu, ambako darasa moja lina watoto wa makabila kadhaa, Kiswahili kitawafikia wote. Tumia herufi ndogo za kawaida kwa wadogo, maana ndizo wanazozisoma vitabuni. Maneno ya herufi kubwa tupu huwachelewesha.

Ukubwa wa herufi si jambo la kukisia. Kipimo ambacho wachoraji wa vibao hukitumia ni kwamba herufi ya kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila shida kutoka umbali wa mita tatu hivi. Darasa likiwa na urefu wa mita nane na bango likiwa mbele, kichwa cha bango kinahitaji herufi za sentimita sita au saba. Watoto wengi huandika kichwa kwa sentimita mbili na kujaza nafasi iliyobaki kwa maua. Waambie wapige mistari ya penseli kwanza, wahesabu herufi, wagawe upana wa karatasi. Hiyo ni hisabati halali. Rangi nayo iwe na tofauti ya kutosha na karatasi: nyeusi, buluu iliyokoza au hudhurungi juu ya nyeupe. Njano juu ya manila nyeupe haionekani hata kutoka dawati la mbele.

Kuhusu picha, mwalimu hukata tamaa kwa kuwa watoto wanasema hawajui kuchora watu. Kuna njia rahisi inayofaa sana kwetu. Mstari wa ikweta unakatiza barabara kuu kati ya mji wa Meru na Nkubu, na mwaka mzima jua la saa mbili asubuhi huja likiwa chini, upande wa mashariki. Bandika karatasi kwenye ukuta unaotazama mashariki, watoto wawili washike kona ya dawati mbele yake, na wa tatu afuate kivuli kwa penseli. Kivuli cha mikono minne na kona ya dawati kinaenea kwenye manila moja kubwa. Ukitaka miili mizima, unganisha karatasi za mifuko ya saruji zilizokung’utwa vizuri. Umbo jeusi lililojazwa rangi moja linaonekana kutoka mbali kuliko sura zenye macho, pua na vifungo vya shati, na lina faida nyingine: kila mtoto anaweza kujiona ndani yake.

Hata hivyo angalia nani ameshika nini. Katika mabango mengi wasichana wanapiga deki na wavulana wanabeba madawati, au wavulana hawapo kabisa. Kivuli kinasaidia kidogo kuficha tofauti hiyo, lakini ratiba ya majina haifichi. Msichana kama Wawira ana nguvu za kuinua dawati na mvulana kama Muriithi ana mikono ya kukamua tambara. Mtoto mwenye pumu asipewe ufagio wala dasta. Apange vitabu, achote maji, au asimamie mlango. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuwa mwenye kuangalia mpangilio na kutoa ishara. Mjini Meru kuna shule ya viziwi huko Kaaga, na walimu wanaofundisha watoto wasiosikia watakuambia kwamba mlolongo wa kazi uliochorwa vizuri hauhitaji maelezo ya mdomo. Hicho ni kipimo kizuri kwa kila shule: funika maandishi, uliza mtoto wa darasa jingine picha inamtaka afanye nini.

Vifaa ndivyo vilivyoleta kelele nyingi. Wazazi walilalamika sana katika miaka ya kwanza ya mtaala mpya kuhusu manila, kalamu za rangi, gundi na safari za usiku kwenda kuchapisha picha mjini, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Bango la ushirikiano lililochorwa na baba mtu saa nne usiku halina ushirikiano wowote ndani yake. Lichorwe shuleni, na kikundi, kwa vitu vilivyopo.

Na vipo. Udongo mwekundu wa miteremko hii, uliotokana na miamba ya volkano ya Mlima Kenya, una rangi inayotokana na chuma, na rangi ya namna hiyo haipauki juani. Kalamu za maka tunazonunua hupauka upesi bango likipigwa na jua la dirishani. Chukua udongo huo, uponde, uchekeche kwa kitambaa chembamba, uloweke ndani ya maji na uukoroge. Mchanga utazama kwanza. Mimina maji mekundu kwenye chombo kingine na uyaache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu, chukua lile tope laini lililobaki chini, ulichanganye na gundi. Gundi yenyewe ni vijiko viwili vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi, vikorogwe hadi mabonge yaishe, kisha vichemshwe huku ukikoroga mpaka viwe kama uji mzito. Nyeusi inatoka kwenye makaa yaliyosagwa. Majivu yaliyochekechwa yanatoa kijivu. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Watoto hufurahi sana wakigundua kwamba tope lilelile wanalolikwangua mlangoni kila mvua inaponyesha linaweza kupaka picha inayowafundisha kulikwangua.

Kuhusu tope hilo, bango la Runyenjes halifai kunakiliwa Kiritiri. Upande wa juu, wa Runyenjes, kwenye majani chai na kahawa, mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba huangukia kwa sehemu ndani ya mihula, na sakafu ya saruji hushinda na nyayo nyekundu. Deki haikauki. Huko kazi kubwa ya zamu iko mlangoni: kipande cha chuma cha kukwangulia viatu, gunia la kupangusia, na mtoto mmoja wa kusimamia. Bango liwe mlangoni pia, kwa urefu wa macho ya mtoto, likionyesha mguu mmoja juu ya chuma na bega la mwenzake alilolishika asianguke. Picha hiyo naipenda kuliko zote nilizotaja, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama kwa mguu mmoja na kukwangua kiatu vizuri bila kushikwa.

Ukishuka Mbeere, Siakago, Kiritiri hadi karibu na Mto Tana, hali inageuka. Mabwawa ya umeme ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere yako kandokando ya ardhi hiyo, na bado shule nyingi za karibu hutegemea maji ambayo watoto huyabeba kutoka nyumbani kwa mitungi ya lita tano. Timau na sehemu za Buuri, upande wa mlima usio na mvua nyingi, nako vumbi ni jirani wa kila siku. Katika shule ya namna hii huwezi kuchora ndoo tatu za maji ya deki. Maji ya kunawa mikono yatangulie, na sakafu ipate ya kunyunyiza tu. Pale ambapo sakafu bado ni ya udongo, kunyunyiza huko si urembo. Funza hustawi katika vumbi kavu, na sakafu yenye unyevu kidogo inayofagiliwa kila siku huwapunguza. Bango la Mbeere linaweza kuonyesha mtungi mmoja na watoto wanne, kila mmoja akipata kikombe chake cha kunyunyiza katika pembe yake ya darasa. Hiyo ni hesabu ya kugawana kitu kisichotosha, na watoto wa huko wanaifahamu vizuri.

Taka nazo zina njia yake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Kwa darasa, hilo ni debe moja la maganda na majani yanayokwenda kwenye shimo la mboji la bustani ya shule, na jingine la plastiki na vipande vya kalamu. Chora madebe mawili, basi.

Kuna jambo moja linaloweza kuua kazi hii yote, na sitalipita haraka. Ni kufanya usafi kuwa adhabu. Aliyechelewa afagie. Aliyepiga kelele apige deki. Aliyesahau kazi ya nyumbani aoshe choo. Wiki nzima mtoto anaona kwamba ufagio hupewa mwenye kosa, halafu Ijumaa anaambiwa achore bango la kuonyesha kwamba kufagia ni heshima na ushirikiano. Hawezi kuliamini, na hatulazimiki kumlaumu. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza adhabu ya kimwili na mateso ya kiakili, na walimu wengi waliacha kiboko wakakimbilia ufagio kwa nia njema, wakidhani wamepata mbadala wake. Naomba shule zinazotaka bango hili lifanye kazi zikubaliane kwanza kwamba zamu ni ya wote kwa mzunguko, mwenye kosa na asiye na kosa, na kwamba mwalimu wa darasa naye jina lake limo kwenye kadibodi. Mwalimu akishika ncha ya dawati mara moja kwa wiki, watoto watalisimulia nyumbani.

Bango likishakamilika litundikwe vizuri. Utepe wa kubandikia haushiki ukuta wa saruji wenye vumbi, na mbao zisizorandwa huuachilia ndani ya siku mbili. Toboa matundu mawili juu, upitishe uzi wa katani, utundike kwenye msumari. Sehemu zenye mchwa, karatasi iliyogusa ukuta huliwa kutoka nyuma bila mtu kujua, kwa hiyo lining’inie huru mbali kidogo na ukuta. Urefu wake upimwe kwa macho ya mtoto mfupi zaidi wa kikundi.

Usitarajie likae mwaka mzima. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi na kuanza kufunguliwa Oktoba, milango ya madarasa ilijazwa mabango ya kunawa mikono, na kwa wiki chache kila mtu aliyasoma. Mengi yalibaki yamening’inia miaka iliyofuata, yamepauka, watu wakiyapita kama rangi ya ukuta. Picha isiyobadilika hupotea machoni. Bango la zamu lidumu nusu muhula, halafu wale waandishi wawili warudi na daftari lao. Wakikuta madawati sasa yanainuliwa lakini ndoo bado inachelewa, bango jipya lihusu ndoo. Lile la zamani ligeuzwe, upande wake wa nyuma bado unaandikika.

Mwisho ni alama, kwa kuwa mwalimu ataulizwa. Mtaala unampa ngazi nne, kutoka anayezidisha matarajio hadi aliye mbali nayo, na kishawishi ni kumpa ngazi ya juu mwenye mistari iliyonyooka na rangi isiyovuka mpaka. Kikundi chenye bango la makaa lenye madoa kinaweza kuwa kilichofanikiwa zaidi, ikiwa tangu lilipotundikwa ubao unafutwa kabla ya ufagio na hakuna dawati linaloburutwa. Ningemwomba mwalimu asiandike alama siku bango linapokabidhiwa. Aziandike wiki mbili baadaye, asubuhi, amesimama mlangoni zamu ikiendelea, bango upande mmoja na watoto upande mwingine.